Tumbo la Randa

Siku ya thelathini na moja ya eda yake, Farida alikuwa kwenye mswala, rakaa ya pili ya alasiri, aliposikia randa yake ikisuguliwa.

Hakuhitaji kuiona. Chumba chake, katika nyumba yao ya Rahaleo, kilipakana ukuta na banda la useremala la mumewe, marehemu Idrisa, na kwa miaka ishirini na miwili masikio yake yalikwisha kuvijua vifaa vya humo kama mtu anavyowajua wanawe kwa vikohozi vyao. Sauti hii ilikuwa ya msasa, tena msasa uliotandazwa juu ya kitu kigumu, kioo pengine, na juu yake mti ukisukumwa kwenda na kurudi. Kila uliposukumwa, mti uligonga kwa mbele. Uliporudi uligonga kwa nyuma. Kudu, kudu. Kitu chenye tumbo. Na katika banda lile kitu cha mti chenye tumbo kilikuwa kimoja tu.

Mwanamke akiwa kwenye swala na akapatwa na la dharura, anaruhusiwa kupiga kofi ili walio nje wajue. Farida alilijua hilo tangu chuoni. Mikono yake ilikuwa imefungwa kifuani, na haikupiga kofi. Alirukuu, akasujudu, na hapo kwenye sijda akakaa. Alimtakasa Mola wake mara tatu, kisha mara saba, kisha akapoteza hesabu. Nyuma ya ukuta ile kudu, kudu ilizidi kufifia, na alipoketi kwa tahiyatu ya mwisho haikuwepo tena. Palibaki mteleleko mmoja tu, laini, usio na kikwazo.

Alitoa salamu kulia, akatoa kushoto, na akajua kwamba ile sijda hakuirefusha kwa ajili ya Mungu.

"Shemeji!" aliita, mdomo karibu na kidirisha kilichoelekea bandani.

"Naam, shemeji!"

Sudi alikuwa mdogo wake Idrisa, fundi wa makabati na milango huko Chikongola, mtu mwema na mwepesi wa kucheka. Wazee wa ukoo walimpa kazi ya kuviweka sawa vifaa vya marehemu kabla ya arobaini, siku ambayo mirathi ingezungumzwa.

"Unasugua nini humo?"

"Naiokoa randa ya kaka. Ilikuwa imeharibika, shemeji yangu, we! Imevimba chini kama mjamzito wa miezi tisa. Ukiiweka mezani inacheza sindimba."

"Umefika wapi?"

"Nimemaliza! Nimechora mistari ya penseli wayo mzima, nikausugua kwenye kioo mpaka mstari wa mwisho umefutika. Sasa ukiweka rula hata mwanga haupenyi. Nimejifunza kwenye simu. Siku hizi simu ni chuo, ukitaka." Akacheka. "Na kisu chake nacho makali yalikuwa yamepinda kama ukucha. Nimekinoa, kimenyooka. Sijui kaka aliivumilia vipi."

Wayo ni ule upande wa chini wa randa, unaoteleza juu ya mbao. Seremala yeyote aliyefundishwa kazi anautaka uwe bapa kama maji ya mtungini, na akiukuta na tumbo ataunyoosha. Sudi hakukosea kwa uzembe. Alikosea kwa sababu alikuwa fundi mzuri.

Farida alikuwa na maneno tele. Lililotoka ni moja.

"Ahsante," alisema, akarudi kuketi kwenye mswala.

Idrisa alikuwa mtengenezaji wa mbuzi za kukunia nazi. Mwaka wao wa kwanza wa ndoa mbuzi zake zilikuwa kama za wengine wote: ubao bapa, miguu ya kukunja, na ulimi wa chuma wenye meno. Farida alikuwa na mimba ya Sharifa wakati huo, na akikaa kukuna nazi nyonga zilimuuma mpaka machozi. Alimwomba mumewe apachimbe kidogo pale pa kukalia. Idrisa akasema randa hainyooshi na kuchimba, ichague moja. Basi Farida akaokota randa kuukuu ya mti wa mkongo iliyotupwa chini ya meza, akaukwangua wayo wake kwa tupa na kipande cha chupa, mbele, nyuma na pembeni, kidogo kidogo, mpaka ukafanya tumbo kama mgongo wa upawa. Kisu nacho akakinoa kifuate mviringo uleule. Kisha akakaa uani juu ya mkeka, ubao katikati ya miguu, akaivuta randa kuelekea kwake badala ya kuisukuma. Maranda yakatoka membamba kama maganda ya kitunguu.

Idrisa alipoijaribu yeye ilimchimbia mbao, maana aliisukuma kwa nguvu za mtu wa milango. Akamwachia. Tangu hapo yeye alipasua mbao, akaunga miguu na kupigilia chuma. Pa kukalia pakawa pa Farida.

Mwanzoni Idrisa alisema kweli. Mteja akisifu, alijibu, "Hapo ni mkono wa mke wangu." Wenzake kijiweni wakamuuliza kama alioa au aliolewa. Akaacha kusema. Farida hakumlaumu, aliliona jina la mume kama paa, ambalo wote wawili wanalala chini yake. Mbuzi ya Idrisa ikajulikana kutoka soko la Chikongola mpaka Msimbati, na mama aliyemwoza binti bila kumpa mbuzi ya Idrisa alionekana kama aliyesahau kumpa godoro.

Sasa paa limeondoka. Kaka yake Farida, aliyeko Msimbati, alishatuma maneno: eda ikiisha afunge nyumba arudi kwao, chumba kipo na shamba la mihogo lipo. Farida hakutaka chumba cha kupewa. Alitaka kubaki Rahaleo kwa kazi ya mikono yake, na kazi hiyo haikufanyika bila randa ile. Siku ya msiba wanawake walipofagia uani wapate pa kutandika mikeka, mmoja aliiokota akaipeleka bandani pamoja na vya marehemu. Farida aliona, akanyamaza. Ukisema ni yangu, utaulizwa ni yako kwa vipi, na kueleza ni kumvua maiti nguo mbele za watu. Alikuwa amenyamaza siku thelathini na moja.

Kesho yake alikuja Esta, jirani, mke wa mfanyakazi wa bandarini, mwenyeji wa Njombe. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akafumbata mikono ya Farida.

"Pole tena, mama Sharifa. Leo nimekuna nazi nikamkumbuka yule baba mpaka nikalia."

"Ndiyo hali, Esta."

"Kwetu minazi hatuna, unajua. Mbuzi yangu ya kwanza huku ilikuwa kama benchi la nyuma kanisani, na mahubiri ya saa tatu. Lakini hii ya kwenu, mtu unakaa unasahau kuinuka. Yule baba, Mungu anisamehe, alijua makalio ya wanawake!"

"Na wewe Esta!"

Farida alicheka, mara ya kwanza tangu msiba. Esta alikuwa amegusa kitu bila kujua. Idrisa angeyajulia wapi? Farida akafungua mdomo amwambie, na hapohapo akamwona Sharifa mlangoni, sinia la chai mikononi. Binti yake alimtazama, akatikisa kichwa.

Esta alipoondoka, Sharifa aliketi mahali pake.

"Usiseme, mama."

"Niseme uongo?"

"Sijakwambia useme uongo. Nimesema usiseme." Sharifa alikuwa na miaka ishirini na moja. Alikulia juu ya maranda yale. Alipokuwa mdogo aliyafunga mkononi akayaita bangili. Hakukuwa na asichokijua. "Baba yangu ameacha nini? Hana shamba, hana gari. Ameacha jina. Kila anayekuja kutoa mkono wa pole ananiambia, kumbe wewe ni binti wa Idrisa wa mbuzi. Niwaambie alikuwa anapigilia misumari tu?"

"Na mimi nibakiwe na nini, Sharifa?"

Sharifa alikusanya vikombe, akatoka navyo, na Farida akamsikia akiviosha kwa muda mrefu kuliko vilivyostahili.

Siku mbili Farida aliswali akiomba aonyeshwe njia. Hakuota ndoto, hakusikia sauti. Alichopata ni kwamba kila alipoinua mikono kuomba dua alikumbuka ile sijda, na akaona haya kuendelea kuomba. Siku ya thelathini na nne, baada ya adhuhuri, alimwita Sudi aketi barazani, yeye akakaa ndani nyuma ya pazia, akaeleza kila kitu tangu mimba ya Sharifa mpaka kioo na msasa.

Sudi alicheka kidogo, kwa adabu, kama mtu anavyomchekea mgonjwa anayeweweseka.

"Pole, shemeji. Msiba umekuelemea."

"Sudi, kaka yako alikuna nazi lini? Ulimwona lini amekaa juu ya mbuzi?"

"Na mimi nimetengeneza vitanda vya kujifungulia vya zahanati. Nimezaa?"

"Usinifanyie utani, shemeji. Leo sitaki."

"Basi yaishe. Sharifa! Njoo, mwanangu. Wewe umekulia humu. Pale pa kukalia alikuwa anapiga randa nani?"

Chini ya pazia Farida aliona miguu tu ya binti yake. Vidole vilijikunja juu ya saruji.

"Mama alikuwa anamsaidia baba."

"Kumsaidia vipi?"

"Kumsaidia tu, baba mdogo."

Katika maneno hayo hapakuwa na hata neno moja la uongo, na Farida hakuwa na pa kuyashikia. Miguu ikageuka, ikaenda zake.

Sudi hakuwa mtu wa dhuluma. Alisafisha koo. "Sikiliza, shemeji. Tusishindane kwa maneno. Nitakuletea ubao na randa yenyewe. Nitolee pa kukalia kama pa kaka. Ukiweza, siku ya arobaini nitasimama mimi mbele ya wazee niseme randa hii si ya marehemu, haimo kwenye mirathi. Nikuhukumu kwa haki gani zaidi ya hiyo?"

"Haki tupu," alisema Farida, na aliamini hivyo.

Vilipoletwa, alifunga mlango wa chumba akaanza. Sharifa alikuja mara moja kumwonya kwamba majirani watasikia mjane yuko eda anakwangua mbao. Alipoona mama yake haachi, aliweka chakula chini akaondoka. Siku tatu Farida aliukwangua ule wayo kwa tupa na kipande cha chupa, kama alivyofanya zamani, ila sasa aliinama akiegemea kitanda kwa sababu ya kiuno. Sudi alikuwa ameula uvimbe wote wa katikati, kwa hiyo ilimbidi ale mbele na nyuma ili tumbo lirudi. Lilirudi. Alilipapasa kwa kiganja akalitambua. Alikinoa kisu kwenye jiwe mpaka kikapata mviringo wake, akakaza kabari, akakaa sakafuni, ubao katikati ya miguu. Akasema Bismillahi, akavuta.

Mbao ilinyofoka.

Hayakutoka maranda, vilitoka vibanzi vinene, na nyuma yake pakabaki mashimo kama palipotafunwa na panya. Alipunguza kisu, akavuta tena. Vibanzi. Aligeuza ubao, akavuta kutoka upande wa pili, akabadilisha mkono, akasogea kwenye mwanga wa dirisha. Vibanzi. Ndipo alipoipindua randa akaitazama mdomo.

Mdomo wa randa ni ule mwanya kisu kinapochungulia. Kwa chini ni mwembamba, na kadiri unavyopanda juu ndani ya mti ndivyo unavyozidi kutanuka. Kila unywele unaousugua kwenye wayo unaufungua zaidi. Na pale palipokuwa na tumbo, pale Sudi alipokula zaidi kuliko kokote, ndipo mdomo ulipo. Zamani hata ukucha usingepita mbele ya kisu. Sasa kiliingia kidole. Mti ule mwembamba uliokuwa ukiikandamiza mbao ili kisu kikate haukuwepo tena, na bila kukandamizwa mbao hainyolewi, inang'oka. Farida angeweza kulirudisha tumbo. Mdomo hakuweza kuurudisha kwa kukwangua, hata akikwangua mwaka.

Dawa yake aliijua: kuchonga kipande cha mpingo, kukipachika mbele ya mdomo, kukigundisha, kukingoja kikauke, kisha kukilinganisha na tumbo. Kazi ya wiki. Patasi zilikwisha kufungwa kwenye gunia bandani, na hiyo ilikuwa siku ya thelathini na nane.

Alimalizia kwa msasa mpaka ncha za vidole zikatoa maji. Msasa uliyapunguza mashimo, haukuyaondoa.

Sudi alikuja kabla ya magharibi. Sharifa alimpelekea ubao na randa barazani. Farida, nyuma ya pazia, alisikia kiganja kikipita juu yake, mara ya kwanza haraka, mara ya pili polepole.

"Shemeji," Sudi alisema, kwa upole uliouma kuliko matusi. "Umejitahidi."

"Angalia mdomo wa randa. Uliposugua tumbo uliupanua. Ndiyo maana inang'oa."

Alimsikia akiipindua randa. Farida alimwomba Mungu kwa moyo wake wote, bila haya safari hii.

"Mdomo ni mpana kweli," Sudi alisema. "Lakini niliikuta hivi au niliufanya hivi, sijui. Sikuuangalia kabla. Siwezi kuwaapia wazee kitu ambacho sikukiona."

"Mimi nilikiona."

"Najua unasema hivyo, shemeji."

Arobaini ikafika. Khitma ilisomwa, pilau ikaliwa, na baada ya adhuhuri wanaume wakabaki sebuleni, wanawake chumbani pamoja na Farida. Kupitia pazia alisikia mzee wa ukoo akivitaja vifaa kimoja kimoja: misumeno, patasi, nyundo, jiliwa, randa kubwa ya chuma, randa ndogo ya mti. Hapo Sudi akaomba kusema.

"Hii ndogo ya mti, mimi kwa hiari yangu, katika fungu langu, namwachia shemeji. Iwe zawadi. Kumbukumbu ya mumewe."

"Mashaallah," walisema sebuleni. "Huo ndio undugu." Chumbani Esta alimpapasa Farida mgongoni.

Mzee akaita kupitia pazia, "Umesikia, binti yangu? Umeridhika?"

Wote walisubiri neno jepesi linalosemwa siku kama hizo. Sharifa alikuwa ameketi karibu na mlango, ameinamisha kichwa, anasokota ncha ya mtandio.

"Nimepokea, mzee," Farida alisema.

"Alhamdulillahi. Kwa hiyo umeridhika."

"Nimepokea. Kuridhika, sijaridhika."

Sebuleni mtu akakohoa, mwingine akasema kwa sauti ya chini kwamba uchungu wa mume si mchezo, tumsamehe, na mzee akainua mikono wakasoma Fatiha kumwombea marehemu. Farida naye aliinua mikono. Alimwombea Idrisa kaburi lenye nuru, kwa dhati, maana alimpenda, na hakuwa na ugomvi naye hata sasa.

Wageni walipotawanyika, Sharifa alimletea randa, ameishika kwa mikono miwili kama mtu anayebeba sahani iliyojaa mchuzi. Akaiweka mapajani mwake, akapiga magoti.

"Mama. Sema nami basi."

Farida alipitisha kidole kwenye ule mwanya mpana, akapima kwa ukucha. Alikuwa na miezi mitatu ya eda mbele yake, na mikono yote miwili.

"Nenda bandani kabla baba yako mdogo hajabeba mizigo," alisema. "Mwombe kipande cha mpingo, hata kidogo kama sabuni ya kuogea. Na gundi. Na aniazime patasi nyembamba."

"Akiniuliza za nini?"

"Mwambie za randa yangu."

Sharifa alisimama. Alionekana kutaka kuuliza kitu kingine, akaacha, akatoka. Farida alisikia ndara zake zikipita uani, zikasimama kwenye mlango wa banda. Akausogelea ukuta, randa mapajani.

"Baba mdogo, mama anaomba kipande cha mpingo na gundi, na patasi nyembamba."

"Za nini tena, mwanangu?"

Mtu akaburuta gunia, akaliacha.

"Za randa ya baba," alisema Sharifa.

"Haya, ngoja nitafute," alisema Sudi, na nyuma ya ukuta akaanza kupekua vipande vya mbao, kimoja baada ya kingine.